Shilingi ya Bibi

Bibi alikuwa na shilingi moja ya Afrika Mashariki, ya enzi za Mwingereza, isiyonunua kitu. Aliifunga kwenye pindo la leso, na kila alipobadilisha leso aliifungua na kuifunga upya. Babake, nahodha wa jahazi la boriti, alimpa siku ya arubaini ya kuzaliwa kwake. Ndivyo alivyosimuliwa na mamake: ilikuwa mpya, inang'aa, haijapita mikono ya watu. Nilipoijua mimi, simba wake alikuwa amelika akabaki kivimbe tu, na pale penye mwaka palikuwa laini kama kokwa ya ukwaju. Kidole gumba chake ndicho kilichoifuta. Kusi ikivuma na chombo cha mtu wake kikichelewa kuingia Lamu, mkono wake ulikuwa kwenye lile fundo.

Kitambulisho chake kilisema amezaliwa 1945. Karani alimtazama usoni, akakisia, akaandika.

"Wamenizeesha," alikuwa akisema, "na babangu aliniachia shahidi."

Shahidi mwenyewe alikuwa hasomeki.

Mwaka 2004, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa kemia alitueleza jinsi polisi wanavyosoma namba ya injini iliyopigwa tupa. Chuma kikigongwa namba, alisema, kile kilicho chini ya namba hubanwa kuliko cha pembeni. Ukikwangua juu, ule mbano hubaki ndani. Mwagia asidi, itakula palipobanwa kwa kasi tofauti na pengine, na namba itarudi kama kivuli. Nilirudi nyumbani Mkomani karibu mbio.

Rafiki yangu mmoja alitaka tuombe asidi ya betri kwa fundi wa mashine za boti. Mwingine akasema tuchanganye siki na dawa ya kung'arishia nguo. Namshukuru mwalimu kwa kunikataza hilo la pili kwa ukali: mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, na klorini huunguza mapafu. Nilichukua siki ya jikoni, na duka la dawa nikanunua kichupa cha haidrojeni peroksaidi, ile ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Juu ya dari, penye upepo, nikachanganya kidogo kwa kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Nikajaribu kwanza kwa shilingi ya Kenya ya kale, iliyochakaa. Nilidondoshea kwa kijiti chenye pamba, nikangoja, nikasuuza, nikarudia. Maji yakageuka rangi ya buluu, kwa ile shaba inayoyeyuka. Mara ya nne nikaona 6 mbili, moja kando ya mwenzake. Nilipiga kelele hadi jirani akauliza kulikoni.

Kwa Bibi nilisema, "Nipe shilingi nikuoshee." Kuosha, basi. Sikumwambia kwamba dawa hii hairudishi kilichofutika, bali inakula na kile kilichobaki. Alifungua fundo akanipa bila swali, na hilo la bila swali ndilo ninalolikumbuka zaidi.

Nilianza baada ya swala ya alasiri. Tone la kwanza, la pili, la tatu, hapakuja kitu. Nikaongeza muda. Kisha nikaiinamisha kwenye jua la jioni na 5 ikatokea, nyeusi, ya chengachenga, na nyuma yake mviringo uliofungika. 1950. Niliiosha kwa maji na sabuni, nikaifuta, nikashuka ngazi mbili mbili.

Miaka mingi baadaye nilijifunza mambo ya sarafu. Wamarekani wana senti tano yao yenye nyati, iliyopigwa 1913 hadi 1938, ambayo mwaka wake uliwekwa pahali pa kulika upesi, nao huitia asidi vivyo hivyo. Wakusanyaji wakiona lile doa, thamani hushuka sana. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni jingine. Upande wa mfalme wa shilingi ya Bibi ulikuwa bado unasomeka: GEORGIVS SEXTVS REX, Kilatini cha Mfalme George wa Sita, yule wa Uingereza. Shilingi za mfalme huyo za kabla ya 1948 zilimtaja pia kuwa mfalme mkuu wa India, na ndani yake mlikuwa na robo ya madini ya fedha. India ilijitawala 1947, jina lake likaondolewa, na toka 1948 shilingi ikawa ya shaba na nikeli. Kwa hiyo maneno yale matatu peke yake yalikuwa yameshaikataa 1945. Jibu alilolitaka lilikuwa upande wa pili, halihitaji hata tone moja. Ningeigeuza tu.

Jioni ile Bibi alikuwa ameketi uani akichambua mchele. Nikamwekea shilingi kiganjani, nikamwambia mwaka. Hakusema neno. Kidole gumba kikaenda chenyewe pale kilipozoea kwenda, kikasimama.

"Hapa pana mchanga."

"Si mchanga, Bibi. Dawa imekula."

Akapapasa tena, taratibu, kisha akaigeuza, simba akawa chini, akapapasa upande wa mfalme. Huko bado kulikuwa laini. Akaifunga kwenye leso akakaza fundo kwa meno.

"Nisomee tena huo mwaka," akasema.

"Elfu moja mia tisa na hamsini."

"Tena."