Mama Aliyeihamisha Njia Yetu Kusini mwa Nairobi

Njia ya kutazama wanyamapori inayokusudiwa kuanzia mpaka wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kisha iteremke kupitia Ngong na Olorgesailie hadi Ziwa Magadi, ilikuwa imeshachorwa mjini kabla hatujaondoka, ikiwa na vituo vyake, maegesho yake na mishale ya rangi. Sisi tuliojitolea tulitumwa kuiwasilisha katika mabaraza ili wenyeji watoe maoni. Naandika kwa sababu ya baraza la kwanza, lile la Empakasi, eneo la wafugaji linalopakana na mbuga upande wa kusini, ambako mama mmoja alisimama akatuhamishia njia yetu.

Kufika huko kwenyewe kulitugharimu. Manyunyu yalipoanza katikati ya jiji, nauli ya matatu ya Rongai ilipandishwa maradufu papo hapo, na kutoka Tuala waendesha bodaboda walitudai shilingi 400 kila mmoja kwa mwendo ambao wakati wa kiangazi hulipiwa nusu yake. Udongo mweusi wa tambarare hizo ukilowa huganda kwenye magurudumu hadi yakatae kuzunguka. Tulishushwa njiani, tukamalizia kwa miguu, na hakuna aliyerudishiwa hata shilingi moja.

Watu walikuwa wametusubiri chini ya mgunga kwa subira ambayo hatukuistahili. Chifu alitukaribisha, mwenzangu akaitandaza ramani mezani, akaeleza kituo cha kwanza kitakavyokuwa kwenye kona ya Mto Mbagathi, mahali ambapo wageni wangeona wanyama kwa karibu. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amekaa nyuma na wenzake, aliomba nafasi ya kusema.

"Mama, hapo ndipo pundamilia wanapoonekana kwa wingi," mwenzangu alimwambia kwa heshima.

"Najua wanakuja hapo, mwanangu. Wanakuja kunywa. Ng'ombe wangu nao wanakuja kunywa. Gari lenu litakuja kufanya nini?"

Hakungoja jibu. Alichukua fimbo yake akatuambia tumfuate, na nusu ya baraza ikatufuata. Mtoni alitusimamisha penye matope akatuonyesha nyayo moja baada ya nyingine: kwato za pundamilia zilizokanyagwa na kwato za ng'ombe, na pembeni nyayo za fisi aliyepita usiku. Wanyama hunywa alfajiri, akasema, mifugo huja jua likishapanda, na kila upande umezoea kumwachia mwenzake nafasi. Magari yakiegeshwa hapo tangu asubuhi, wanyama watasubiri hadi giza liingie, saa ambazo simba naye yuko mawindoni, na wachungaji watalazimika kuwapeleka ng'ombe kwenye mashimo ya machimbo ya mawe. Alieleza hayo yote bila kupaza sauti. Kisha akatupandisha kwenye kilima kidogo ambacho ramani yetu haikukitaja kabisa. Kutoka hapo tuliiona kona yote ya mto, kongoni waliotawanyika ng'ambo, ndege karani tamba akitembea nyasini kwa hatua zake ndefu, na nyuma yao maghorofa ya Nairobi. "Simamisheni wageni wenu hapa," akasema. "Wataona yote, wala hawatamzuia mtu kunywa."

Tuliporejea chini ya mgunga, mazungumzo yaligeukia ardhi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule mama alishikilia msimamo wake. Mbuga hii, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Imezungushiwa ua pande tatu na kuachwa wazi kusini, kwa kuwa wanyama wake hutegemea malisho yaliyo katika ardhi ya watu. Ranchi ya pamoja ya Kitengela, iliyo kusini mwa mbuga, iligawanywa miaka ya 1980, viwanja vikauzwa, nyua na machimbo yakafuata, na nyumbu wa tambarare za Athi na Kaputiei, waliozidi 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, wakapungua hadi chini ya 5,000. Wazee walikumbuka mpango ulioanza mwaka wa 2000, ambapo mwenye shamba alilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili asijenge ua, asichimbe mawe wala asiuze, na malipo yalikuja karibu na kufunguliwa kwa shule, karo ikiwa inadaiwa. Mimi nauona huo kuwa mpango wenye adabu kuliko mingi niliyoisikia, kwa sababu ulimlipa mwenye nyasi. Yule mama aliuliza njia yetu itamlipa nani, na hatukuwa na jibu la kumpa.

Siku zilizofuata zilipita haraka. Magadi kulikuwa na joto kali, heroe (flamingo) walikuwa mbali, na maji ya chupa yaliuzwa kwa bei ya kuumiza. Huko Olkiramatian, jirani na Magadi, nilifurahi kuona jinsi jamii inavyotenga malisho ya kiangazi, mifugo ikikaa mbali nayo miezi ya mvua, na wanyamapori wakijipatia makao humo.

Njiani kurudi, fikra zangu zilikuwa Taita. Kwetu Sagalla, ndovu wa Tsavo huingia mashambani mahindi yakikaribia kukomaa. Baadhi ya majirani wamezungushia mashamba yao ua wa mizinga ya nyuki, kwa maana ndovu humwogopa nyuki, na asali huuzwa. Nimewaona wageni wengi wakipita barabara kuu kuelekea lango la mbuga, lakini sijawahi kuona mtu akiwaomba wale wakulima wamwonyeshe ndovu wanapita wapi. Linaniuma hilo, kwa kuwa mama yangu angeweza kuwaonyesha akiwa amefumba macho.

Kituo cha mtoni kimefutwa kwenye ramani mpya na kile cha kilimani kimewekwa, na imekubaliwa kwamba waongozaji watoke Empakasi yenyewe. Suala la mgao wa ada bado halijaamuliwa. Baraza lingine litaitishwa mvua zikikatika, nami nimewaomba waandalizi wampe yule mama nafasi ya kwanza kuzungumza, kabla ramani yoyote haijatandazwa.