Mlango wa maji

Shavu la mtoto wa kaka yangu lilianza kuvimba Jumatatu. Kufika Ijumaa nililipima: vidole vinne kutoka taya hadi chini ya jicho. Kituo kimoja cha afya walikuwa wameshamng'oa magego mawili wakidhani ni jipu la jino. Hasira ile nilikaa nayo muda mrefu, maana uvimbe wa Burkitt, saratani iliyokuwa shavuni mwake, haungoji mtu. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Ilikuwa 2016. Kaka alikuwa safarini, mimi ndiye niliyempandisha kutoka Mabogini hadi Moshi mjini. Majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe yalipotoka, daktari wa wadi ya watoto, mama wa makamo, aliniita kwenye benchi nje. Nikamwamkia. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nalima mpunga, nikamwambia, na msimu huu mimi ndiye mgawa maji.

"Basi baba, hili utalielewa."

Akanieleza kuhusu virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu kila mtu mzima anavyo, vimejificha katika seli B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Vina protini iitwayo EBNA2. Yenyewe haiwezi kushika DNA. Inachofanya ni kuishika protini ya seli, RBPJ, ambayo tayari ina mahali pake pale. Nikaona usiku wa mferejini: mtu asiye na ufunguo anamshika mgawa maji mkono, na mkono wa mgawa maji ndio unaofungua geti. Jeni inayopata maji hapo ni MYC, inayoiamuru seli igawanyike, na geti lenyewe liko mbali nayo, herufi laki kadhaa za DNA. Protini nyingine, EBNA3A na EBNA3C, huifunga jeni ya BIM, ile inayoiambia seli mbovu ife.

"Kwa hiyo huyo ndiye aliyemfungulia mtoto?"

Akatikisa kichwa. Katika uvimbe wa Burkitt, EBNA2 kwa kawaida imeshanyamaza. Hubaki EBNA1, inayohakikisha DNA ya virusi haipotei seli inapogawanyika. MYC yenyewe imekatika kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi ikaungwa kwenye ya 14, kando ya jeni za kingamwili ambazo katika seli B hazilali. Hapo sikuhitaji mchoro. Jaruba limehamishiwa ukingoni mwa mfereji mkuu, geti halina kazi tena.

Akauliza malaria. Mara tatu mwaka ule, nikasema. Akaandika. Malaria ya mara kwa mara huzichokoza seli B zigawanyike, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea. Sisi wa tambarare tunaijua malaria kuliko ndugu zetu wa juu mlimani.

Dripu ya kwanza ya siklofosfamide, dawa ya saratani, iliingia jioni ile. Siku ya tano asubuhi nikaweka tena vidole shavuni. Vitatu, na cha tatu kilikuwa kinalegea.

"Baba mdogo, unanitekenya," akasema, na akaomba mtori.