Kumbukumbu ya mradi: huduma ya kompyuta ya mtu mmoja, Mwanga, Kigoma

Julai 2025

Nimejiwekea sharti moja tu katika mradi huu: vifaa vyote vya kuanzia pamoja na kinga zake visizidi shilingi laki saba, nje ya kompyuta mpakato niliyokuwa nayo tayari. Kwa fedha hiyo mtu hawezi kununua kila kitu, kwa hiyo kinachohitaji kufikiriwa si kifaa kipi ni bora, bali kipi kitangulie. Uamuzi wangu ni kwamba fedha taslimu itoke kwa kile kinachozuia hasara ya mteja, na programu, ambazo wengi wetu hukimbilia kwanza, ziwe za bure mpaka zitakaposhindwa kazi.

Agosti

Upande wa programu haukuchukua muda mrefu. Kompyuta ya kazi inaendeshwa na Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, barua na ankara zinaandikwa kwa LibreOffice, na nywila zote zimo ndani ya KeePassXC, ambayo huziweka katika faili moja lililosimbwa, yaani lisilosomeka bila nywila kuu, na haidai intaneti wala malipo ya mwezi. Kwa kuhudumia wateja walio mbali nimechagua RustDesk, programu ya kuiona na kuiendesha kompyuta ya mteja kupitia intaneti. TeamViewer na AnyDesk ni mashuhuri zaidi, lakini toleo lao la bure ni la matumizi binafsi, na anayetoza wateja anapaswa kulipia leseni. RustDesk msimbo wake uko wazi na haina sharti hilo. Wapo mafundi wanaotumia matoleo yaliyochakachuliwa ili kukwepa gharama. Akiba hiyo siitaki, kwa sababu aliyevunja leseni na kuigawa bure mtandaoni ana chake anachokitafuta, na mara nyingi anakipata kwenye kompyuta ya aliyepakua.

Faida ya Linux inaonekana zaidi mezani. Hapa mjini nyaraka husafiri kwa flashi kutoka stationeri moja hadi nyingine, na kirusi kinachozunguka ni kilekile: mteja anafungua flashi, anakuta mafaili yake yote yamegeuka njia za mkato zenye ukubwa wa kilobaiti moja au mbili, anadhani yamefutwa, kumbe yamefichwa. Kirusi hicho kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Nikiichomeka flashi hiyo kwenye Mint, mafaili halisi yanaonekana yalipo, mara nyingi ndani ya folda inayoonekana kama haina jina, na pembeni yake kuna kifaili kidogo chenye mwisho wa .vbs ambacho ndicho mhusika mwenyewe. Nanakili kilicho cha mteja, nafuta kisicho chake, kisha kwenye kompyuta yake ya Windows naendesha amri ya attrib -h -r -s /s /d ili yaliyofichwa yarudi kuonekana. Kazi hiyo haihitaji programu ya kununua, na Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, inatosha kwa ulinzi wa baada ya hapo, ilimradi masasisho yaruhusiwe kuingia. Hapo ndipo ugumu ulipo kwa mteja anayepima bando kwa megabaiti, na ndiyo maana masasisho makubwa nayafanya mimi mwenyewe kwenye intaneti yangu wakati kompyuta iko mezani kwangu.

Septemba

Mwezi huu ni wa diski na flashi. Nimeagiza diski mbili za nje kutoka Dar es Salaam zikaja kwa basi, na kabla ya kuziamini nimezipima kwa F3, programu ya bure inayojaza diski kwa data inayojulikana halafu inaisoma tena yote. Kipimo hiki huchukua saa nyingi kwa diski kubwa, lakini sioni njia ya mkato. Flashi bandia huwa imepangwa kuitangazia kompyuta kwamba ina gigabaiti 64 wakati kilichomo ndani ni nane. Unaweza kuandika bila tatizo lolote, jina la faili linaonekana, ukubwa wake unaonekana, ila data iliyozidi uwezo halisi haipo popote. Asiyepima atagundua siku ya kuhitaji, na siku hiyo faili huwa ni la mteja. Kwa hiyo flashi yoyote inayoingia katika kazi zangu, hata iliyonunuliwa dukani kwa risiti, inapita kwanza kwenye F3.

Kuhusu nakala rudufu nafuata kanuni inayojulikana ya 3-2-1: nakala tatu, katika aina mbili za vihifadhi, moja ikae mahali pengine. Wanaoandika kuhusu kanuni hii wakiwa kwenye intaneti ya kasi hudhani kwamba hiyo ya mahali pengine lazima iwe mtandaoni. Kwa mwendo wa megabiti tano kwa sekunde wa kupakia, gigabaiti 100 huchukua zaidi ya saa 44 bila kukatika, na hapo gharama ya bando haijaguswa. Nimezigawa data katika mafungu mawili. Hesabu za duka, ambazo kwa mwaka mzima hazifiki hata gigabaiti moja, zinasimbwa kwa rclone, programu ya bure ya kupeleka mafaili mtandaoni, kabla ya kutoka kwenye kompyuta na kupelekwa Google Drive, ambako gigabaiti 15 ni za bure. Picha, video na nakala za diski nzima zinabaki kwenye diski iliyosimbwa kwa VeraCrypt, programu ya bure ya kusimba diski nzima, na kuhifadhiwa nyumbani kwa mjomba, Ujiji, nami huibadilisha na mwenzake kila ninapokwenda kumsalimia. Mjomba anajua ni "masanduku ya kazi", na hilo linatosha.

Oktoba

Mvua zimeanza na radi pamoja nazo, hivyo umeme umechukua nafasi kubwa kuliko yote. Kwa miaka mingi mji huu uliendeshwa na majenereta ya dizeli; sasa tuko kwenye gridi ya taifa, lakini nyaya za ndani za majengo mengi ni zilezile za zamani, na humo ndimo ninamokutana na hatari.

Kifaa chenye thamani kubwa kuliko bei yake katika mradi wote ni multimita, kipimo cha umeme, ya shilingi elfu ishirini. Soketi iliyo sawa husoma takriban volti 230 kati ya laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha), kiasi hichohicho kati ya laini na ethi (waya unaokwenda ardhini kwa usalama), na karibu sifuri kati ya nyutro na ethi. Katika duka moja la dawa kipimo cha laini na ethi kilikuwa kinayumba bila kutulia: tundu la ethi lilikuwapo, ila nyuma yake hapakuwa na waya. Mama mwenye duka alikuwa akisema kompyuta yake "inamtekenya" akigusa kasha, na msaidizi wake alikuwa akimcheka. Hakuwa na kosa. Kichujio kilicho ndani ya pawa saplai hupeleka umeme kidogo kwenye kasha kikitegemea ethi iuchukue; ethi isipokuwapo, kasha linaweza kubaki na karibu nusu ya volti za laini. Umeme huo ni kidogo na kwa kawaida hauui, lakini unaonyesha kwamba hata ekstensheni ya kinga aliyouziwa kwa bei kubwa inafanya nusu ya kazi, kwa kuwa sehemu ya kinga hiyo hutegemea kumwaga umeme uliozidi kwenye ethi. Nilimwambia asinunue chochote kwangu kabla fundi umeme hajachimbia ethi. Na radi ikianza, hata penye ethi, dawa ni kuchomoa plagi pamoja na waya wa netiweki unaotoka nje ya jengo; hakuna kifaa cha dukani kinachoistahimili radi ikipiga moja kwa moja.

UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, sijajinunulia. Kompyuta mpakato ina betri yake tayari, na ruta nimeiwekea kibetri kidogo cha volti 12 kinachoiendesha saa kadhaa. Mteja mwenye kompyuta ya mezani anaihitaji, na yenye uwezo wa VA 650 inatosha kumpa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza isichomekwe humo kamwe, maana hita yake ikiwaka huvuta umeme kupita uwezo wa UPS ya kiasi hicho.

Novemba

Nimeanza kutumia karatasi ya kupokelea vifaa. Ina namba ya kifaa, hali yake, kama kimekuja na chaja, tatizo kama mteja alivyolieleza, iwapo ana nakala ya mafaili yake, na kiasi alichotanguliza. Nywila haiandikwi humo. Mteja huja kuiingiza mwenyewe, au huibadilisha baada ya kazi. "Fundi, mbona kama tuko polisi?" aliniuliza mfanyabiashara mmoja wa dagaa wa Kibirizi, kisha akasaini na kuomba nakala yake.

Karatasi hiyo ina sababu ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ninapogusa kompyuta ya duka la dawa ninakuwa karibu na taarifa za watu ambao hawajawahi kuniona, na sheria inawataka wakusanyaji na wachakataji wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nimeongeza sharti kwamba nakala yoyote ninayoichukua ili kufanya kazi itafutwa mteja akishathibitisha kuwa kifaa kiko sawa.

Bima ya dhima ya kitaaluma, inayolipa mteja akipata hasara kwa kosa langu la kazi, nimeiulizia kwa wakala mwenye leseni ya TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima nchini, na nimeiahirisha. Kwa kazi za sasa, sharti la makubaliano linaloweka ukomo wa fidia nitakayolipa linanitosha; nikipata shule au SACCOS ya kuhudumia kwa mkataba wa mwaka, nitaikata kabla ya kusaini. Kati ya zile laki saba imebaki laki moja na kidogo, nayo inangoja diski ya tatu.