Leo umeshika!

Jamani, wiki tatu tumehangaika na mkono wa kuokota mipira ya tenisi wa roboti yetu ya mashindano. Tulianza na vidole viwili vya plastiki ngumu, vinabana kama koleo. Mpira wa tenisi una kipenyo cha karibu sentimita 6.7, na vidole bapa vinaugusa sehemu mbili tu, kwa hiyo roboti ikikata kona mpira unaponyoka. Tukaongeza nguvu ya kubana, sevo (mota ndogo inayosogeza vidole) ikapata moto na kuanza kutetemeka.

Juzi nikashuka Kariakoo kutafuta sevo kubwa zaidi. Kabla sijafika dukani nikaona tyubu kuukuu kwa fundi baiskeli, nikaomba kipande. Tumeivisha rola inayozungushwa na mota mbele ya roboti, tukaacha sentimita 6 kati ya rola na sakafu. Mpira unabonyea kidogo, raba inaukamata, unavutwa ndani. Hata ukija upande! Kilichokosekana siku zote ni msuguano.

Mdogo wangu kahesabu: mipira 20, imeingia 19. Uliobaki ulikuwa umejibana kwenye kona ya ukuta, na huo ndio unaninyima usingizi sasa.

Fundi, asante sana. Hukutaka hata hela.