Visoda vya barazani

Binti yangu, ambaye sasa yuko shule ya msingi na huchagua kuuliza maswali ninapokuwa na haraka, juzi alitaka kujua ni nani aliyemfundisha kuhesabu kabla hajaanza shule. Nilimjibu kwamba ni bibi yake. Jibu hilo lilinirudisha kwenye baraza la nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, na kwenye alasiri moja ya Ramadhani ya mwaka 2020 ambayo mimi na mama yangu hatujaafikiana juu yake hadi leo.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa wakati wa korona. Tarehe 17 Machi serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa siku 30, muda ukasogezwa, na shule za msingi hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Wanafunzi wakubwa waliwekewa vipindi vya redio na televisheni, lakini mtoto wa miaka miwili hakuna aliyemkumbuka, na kituo cha kulelea watoto nilichomtegemea nacho kilikuwa kimefungwa. Nikaenda kwa mama nikiwa na mtoto mgongoni na karatasi niliyojiandikia shughuli za kila siku: kupanga vitu kwa rangi, kulinganisha vikubwa na vidogo, kumimina maji kutoka kikombe hadi kikombe, kutaja majina ya vyombo. Mama aliisoma yote, akaikunja vizuri, akaifanya kizibo cha chupa ya mafuta ya taa.

Yeye alikuwa na taratibu zake. Akichambua mchicha, mjukuu alipewa mashina yake ayavunjevunje. Akipeta choroko, naye alipewa ungo wake mdogo, na nusu ya choroko ikaishia kwa kuku. Maji aliyamimina kwa kifuu cha nazi. Nilipomweleza kwamba ndiyo yale yale yaliyokuwa kwenye karatasi, aliniuliza kwa nini basi niliyaandika.

Alasiri hiyo mama alitoa kopo la maziwa ya unga lililojaa visoda, akiba ya miaka aliyouza soda pale barazani. Kingo zake alikuwa amezisugua kwenye jiwe, na hakumwachia mtoto peke yake hata mara moja, kwa kuwa umri ule kila kitu huishia mdomoni. Mimi nikapanga vibakuli vitatu, nikatia kisoda chekundu katika cha kwanza, cha kijani katika cha pili na cha rangi ya chungwa katika cha tatu, ili aone mfano. Aliona mfano, akavisukuma vibakuli pembeni.

Alikuwa ameukalia mguu mmoja, kanga ya bibi yake imemteleza begani. Alichukua kisoda, akakigeuza kichwa chini, akapitisha kidole gumba kwenye meno yake yote mpaka akarudi alikoanzia, akakiweka kushoto. Cha pili alikifanyia vivyo hivyo, akakiweka kulia. Alikuwa akipumua kwa mdomo, na kila alipokamilisha kimoja alimtazama bibi yake, hakunitazama mimi. Vyekundu na vya kijani vikachanganyika kotekote. Nilinyoosha mkono nimwelekeze, mama akaudaka.

“Mwache mke mwenzangu,” alisema. “Huoni? Vilivyopindwa na opena huku, vilivyonyooka kule.”

Niliinama kutazama. Rundo la kushoto lilikuwa la vile vyenye mkunjo katikati. La kulia lilikuwa la vile ambavyo mkono wa mama, kwa mazoea ya kazi, ulivifungua bila kuviumiza. Hata hivyo, kulia niliona viwili au vitatu vilivyopinda, nikavionyesha.

“Hivyo vimepinda kidogo tu, mwanangu.”

“Kidogo gani, mama? Hiki kimekunjika kama sambusa.”

Hakunijibu. Alianza kuvirudisha koponi kimoja kimoja akivihesabu kwa sauti, na mtoto akaitikia, akiruka nne kila walipoifikia. Kisha tukaenda kupika futari.

Desemba 2021 ilipozinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, nilihudhuria kikao cha mtaa ambapo tulielezwa kwamba vitu vya nyumbani vinatosha kumchangamsha mtoto mdogo, na kwamba mzazi anapaswa kufuata anachokitazama mtoto na kumwitikia. Nilimsimulia mama. Aliuliza kama wanaosema hayo wanalipwa mshahara.

Mimi bado huelekea kuamini kwamba binti yangu alikuwa akivipapasa tu, na kwamba mafungu yale yalipangwa na macho ya bibi yake, ingawa kidole kile gumba kinanitia mashaka. Mama hana mashaka. Humsimulia kila mgeni kisa hicho, na katika masimulizi yake vile visoda vilivyokosewa vimekwisha kutoweka. Mara ya mwisho nilipomsikiliza, mtoto mwenyewe alikuwa na mwaka mmoja na nusu.