Kulala Kutwa Baada ya Kukesha: Je, Kuna Madhara?

Idi ikishapita, nyumba nyingi hapa Pemba hukosi kumkuta mtu aliyelala hadi adhuhuri, na hukosi pia kumkuta mzee anayemgomba. Kumi la mwisho la Ramadhani huwa limekwenda kwa sala za usiku na daku, na kwa akina mama limekwenda kwa mapishi yanayoanza wakati wengine bado wamelala. Kisha huja siku za sikukuu zenyewe, ambazo nazo hazina usingizi wa maana. Mwili unapopata nafasi hujilaza kwa muda wa saa kumi au zaidi bila kugeuka, na hapo ndipo mtu hujiuliza kama usingizi mrefu namna hiyo hautamletea maradhi, hasa akiwa amewahi kusoma mahali kwamba watu wanaolala sana hufa mapema.

Jibu langu ni kwamba usingizi huo wa mara moja moja haudhuru. Kilichodhuru ni ule uliokosekana kabla yake. Wakati wote mtu anapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini huzidi kujikusanya katika ubongo na kumwongezea hamu ya kulala, na kahawa yetu ya barazani humchangamsha mtu kwa kuizuia kemikali hiyo isifanye kazi yake, si kwa kuiondoa. Kinachoipunguza ni kulala. Ndiyo maana aliyekesha hulala kwa muda mrefu kidogo, lakini zaidi ya hapo hulala usingizi mzito kuliko kawaida yake, na uzito huo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mwaka 1964 kijana wa Marekani aitwaye Randy Gardner, aliyekuwa na umri wa miaka 17, alimaliza jaribio la kukaa macho kwa saa 264, yaani siku 11, na alipolala mara ya kwanza alilala kwa muda wa saa 14 hivi. Deni la usingizi, basi, halilipwi shilingi kwa shilingi.

Khofu ya vifo ina chanzo chake. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2002, uliohusisha zaidi ya watu milioni moja, ulionesha kwamba waliokuwa wakilala saa saba kwa usiku ndio waliokufa kwa uchache, na kwamba vifo viliongezeka kwa waliolala pungufu na hata kwa waliolala zaidi ya hapo. Lakini watu hao waliulizwa kuhusu mazoea yao ya kila siku, si kuhusu asubuhi moja ya baada ya harusi. Na anayelala saa tisa au kumi kila siku mara nyingi tayari ana jambo linalomlaza, kama vile sonona, upungufu wa damu, au maradhi ya moyo ambayo bado hayajagunduliwa. Kuutumia utafiti huo kumtisha mtu aliyekesha akishona nguo za sikukuu ni kuutwisha mzigo usio wake.

Kichwa kizito anachoamka nacho mtu huyo kinaelezeka kwa urahisi. Ubongo huchukua kiasi cha nusu saa kuchangamka sawasawa, na baada ya kukosa usingizi huenda ukachukua muda zaidi. Mwamkaji amepitwa na wakati wa kahawa aliyoizoea, hajanywa maji, na bati juu yake limeshapata moto. Anywe maji, ale, na asipande pikipiki hadi ajihisi yuko macho kweli.

Jambo ninaloliona kubwa zaidi ni pale kulala sana siku ya mapumziko kunapogeuka kuwa mpango wa maisha. Wakati wa msimu wa karafuu watu huchuma mchana kutwa, na usiku hukaa jamvini kuchambua, kuzitenga karafuu na makonyo yake, wakalala usiku wa manane na kuamka alfajiri, wiki baada ya wiki, wakijiambia kwamba watalala Ijumaa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 uliwalaza watu saa sita au nne kwa usiku kwa muda wa siku 14, na uangalifu wao ukaporomoka hadi kulingana na wa mtu aliyekesha usiku mzima au hata zaidi, huku wenyewe wakidhani wamezoea. Mchumaji aliye juu ya mkarafuu katika hali hiyo ana la kumtia wasiwasi kuliko kulala hadi saa tano ya asubuhi.

Je, Ijumaa hiyo inatosha? Hapa tafiti mbili zinaonekana kupingana. Ule wa Colorado, Marekani, wa mwaka 2019 uliwalaza watu saa tano siku za kazi, ukawaacha wajilalie watakavyo mwishoni mwa wiki, na miili yao haikurudi kuitumia vizuri insulini, ile homoni inayodhibiti sukari mwilini. Na walipoanza tena kulala kidogo walirudia kula zaidi usiku na kuongezeka uzito. Ule wa Sweden, uliofuatilia makumi ya maelfu ya watu kwa miaka 13, ulikuta kwamba walio chini ya miaka 65 waliolala kidogo siku za kazi lakini wakafidia mwishoni mwa wiki hawakufa zaidi ya waliolala vya kutosha siku zote. Mimi sioni mgongano. Wa kwanza ulipima damu kwa siku chache, wa pili ulihesabu vifo kwa miaka. Kwa pamoja zinanionesha kwamba kufidia ni bora kuliko kutofidia kabisa, ila hakumkingi mtu na kisukari.

Kuna pia namna ya kufidia. Jua letu hutoka karibu na saa 12 asubuhi mwaka mzima, na mwangaza wake ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Anayeamka adhuhuri siku tatu mfululizo huichelewesha saa hiyo, halafu usiku akakosa usingizi na kuulaumu mto. Ni bora alale mapema, mara tu baada ya isha, asubuhi ajiongezee saa moja au mbili tu, na kilichobaki akimalize kwa kailula ya nusu saa mchana. Wazee wanaosema kulala baada ya alfajiri kunakata riziki wanazungumzia adabu, nami siwapingi. Kailula wenyewe wanaipenda. Shida ni wageni wanaobisha hodi saa nane.

Anayelala sana kwa wiki kadhaa ilhali hakukesha, akaamka bado amechoka, au anayekoroma hadi pumzi ikamkatika, aende kwa daktari. Na mtu mwenye homa anayelala tu, ambaye akiamshwa haamki vizuri au anazungumza ovyo, asiachwe apumzike, bali apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.