Siku moja na basi la kizamani, Rathdrum mpaka Arklow

Watu wakisikia mi ni dereva wa basi la kizamani huku Ireland, nabeba wapenzi wa treni za moshi, wanadhani kazi yangu kupunga mkono na kupigwa picha. Haya, hii ndo Jumamosi yangu iliyopita.

Saa kumi na moja alfajiri macho. Saa kumi na mbili yadi: oili, maji, tairi, betri. Basi ni Leyland Leopard ya miaka ya 60, enzi za CIÉ, shirika la usafiri la taifa la huku, usukani hauna pawa hata chembe na gia ya kwanza lazima ukanyage klachi mara mbili, la sivyo inakusagia meno mbele za watu. Dublin mpaka Rathdrum nakwenda mdogo mdogo, wengine wananipigia honi ya furaha wengine ya hasira, nshazoea.

Saa nne niko stesheni ya Rathdrum. Abiria wenyewe wako kwa treni, wanapita yale mahandaki ya Bray Head ya injinia Brunel, bahari hapo chini, raha zao. Walitakiwa wafike saa tano na nusu. Wakafika saa saba kasoro. Kuanzia Bray kwenda kusini reli ni moja tu, kwa hivyo mzee wa moshi ndo anakaa pembeni apishe treni za kawaida, halafu anakunywa maji kama ngamia na siku hizi maji yenyewe yanaletwa na lori. Mi niko hapo, njaa, mvua ya rasharasha, basi siwezi kuliacha.

Wakapanda wote isipokuwa babu mmoja, kamera mbili na daftari, amesimama mbele ya basi anatikisa kichwa. Juu pameandikwa "Special", yaani safari maalum. Ati enzi zake basi halikwendi bila jina la mji, niweke Arklow. Namwambia mzee wangu tumechelewa, wapi! Sasa kile kibao ni kitambaa kirefu cha majina, unakizungusha kwa mkono na kinanata, nazungusha Gorey, Wexford, Bray, loh nimeipita Arklow, narudi nyuma, ndani washaanza kuimba, mama mmoja anauliza choo, jasho linanitoka na baridi ile. Dakika 20. Akapiga picha moja. Moja! Akaja kukaa nyuma yangu aanze kunihesabia gia, "ya tatu sasa", "bado". Kisha akaniuliza kama kwetu nishawahi kuona basi kama hili. Nikamwambia mjomba wangu aliendesha mabasi ya KBS, Kenya Bus Service, Mombasa, Leyland hizi hizi, mi ndo nlokuwa nampelekea chai stendi. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, giaboksi gani?

Tukapita Avondale alikozaliwa mwanasiasa Parnell 1846, tukapita pale mito inapokutana, Avoca na kiwanda chake cha kusuka cha 1723, na vilima vyenye rangi ya kutu, machimbo ya shaba yaliyofungwa 1982. Wao wanaangalia hayo, mi naangalia kona, mabega yanawaka moto. Kuingia Arklow kuna daraja la mawe la matao 19, jembamba, na mbele yangu lori. Nikapenya. Hata babu hakusema kitu.

Treni yao ya moshi ilikuwa imetangulia, inatusubiri Arklow inafuka. Ikapiga king'ora na watu wazima wakafuta machozi, wallahi. Ile treni yetu ya usiku ya Mombasa na Nairobi ilipokatwa 2017 sikulia, nilikimbilia tiketi ya SGR kama wenzangu. Pale stesheni koo likanikaba ghafla, sijui ni moshi.

Kurudi Dublin tupu sikumbuki hata saa. Nimefagia makombo ya krisps, nimekuta mwavuli, mguu wa kushoto unatetemeka wenyewe. Kesho nina basi la kawaida, otomatiki, utapumzika.